Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Habari za Wamikmaki wa Kanada

Wazee wetu walituachia neno hili: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni akifika, nyumba hufagiwa, kuku huchinjwa, hata aliyelala na homa huinuka kidogo aje kusalimu. Tumelisikia neno hilo tangu utoto wetu, wala hatukuuliza kama ni kweli siku zote. Lakini tukisoma historia ya ulimwengu, twakuta mataifa yaliyofikiwa na wageni yasipone. Watu wake waliugua, wakafa wengi, wakaondolewa katika nchi yao, na watoto wao wakapigwa kwa kusema lugha ya mama zao.

Leo twataka kuwasimulia habari za taifa moja la namna hiyo, nao ni Wamikmaki wa Kanada, katika Amerika ya Kaskazini. Wenyewe huandika Mi'kmaq. Twawachagua kwa sababu mbili. Ya kwanza, wengi wao ni Wakatoliki kama sisi, na ubatizo uliingia kwao zaidi ya miaka 400 iliyopita. Ya pili, siku hizi wanapokea wageni tena, watalii watokao nchi nyingi. Lakini wanawapokea kwa namna mpya, namna waliyoichagua wao wenyewe. Basi tuone jinsi mwenyeji alivyougua, na jinsi anavyopona.

NCHI YAO NA MAISHA YAO YA ZAMANI

Nchi ya Wamikmaki huitwa Mi'kma'ki. Iko upande wa mashariki wa Kanada, penye bahari ya Atlantiki. Ndiyo jimbo lote la Nova Scotia, kisiwa cha Prince Edward, sehemu ya New Brunswick, rasi ya Gaspé katika Quebec, hata kisiwa kikubwa cha Newfoundland. Mahali paitwapo Debert, katika Nova Scotia, wataalamu walichimbua vyombo vya mawe vya watu waliokaa pale zaidi ya miaka 11,000 iliyopita. Basi asiseme mtu kwamba nchi ile ilikuwa tupu Wazungu walipofika.

Baridi ya huko ni kali, na theluji hufunika nchi miezi mingi. Wakati wa joto Wamikmaki walikaa pwani, wakavua samaki na mikunga, wakaokota kombe. Wakati wa baridi waliingia msituni kuwinda, hasa mnyama mmoja mkubwa wa jamaa ya kulungu, mwenye pembe pana kama makafi. Uko huko mti wenye ganda jeupe, jepesi, lisilopitisha maji. Kwa ganda hilo walifunika nyumba zao, wakatengeneza mitumbwi miepesi ya kubebwa begani, na vyombo vya kuwekea chakula. Wanawake walipamba vyombo hivyo kwa miiba ya nungu iliyotiwa rangi. Nchi yao iligawanywa katika wilaya saba, kila moja na mkuu wake, na juu ya wakuu hao palikuwa na Baraza Kuu, ambalo lipo hata leo.

Wao kwa wao hujiita L'nu, maana yake mtu. Na jina hili la Wamikmaki latokana na neno lao lenye maana ya ndugu na rafiki. Wafaransa walilisikia mara nyingi midomoni mwao, wakawaita kwalo. Hivyo jina lao lenyewe ni neno la mtu anayempokea mgeni mlangoni.

WAGENI WA KWANZA

Mwezi wa Julai 1534 nahodha Mfaransa, Jacques Cartier, alifika katika ghuba ya Chaleur. Wenyeji wakamjia kwa mitumbwi mingi, wameinua ngozi za manyoya juu ya fimbo, ishara kwamba wataka biashara. Wafaransa waliogopa wingi wao, wakafyatua mizinga midogo juu ya vichwa vyao. Kesho yake wenyeji wakarudi tena, na safari hii wakauziana kwa amani. Tazameni mwanzo huo: mwenyeji alikuja na ngozi mkononi, mgeni akamjibu kwa moto, na ni mwenyeji aliyerudi kutafuta amani.

Mwaka 1605 Wafaransa walijenga makao mahali walipopaita Port-Royal. Mkuu wa Wamikmaki wa upande ule, au kama wengine wetu tungesema, mwami wao, alikuwa mzee Membertou. Aliwapokea, akala nao mezani. Mwaka 1607 Wafaransa iliwapasa kurudi kwao Ulaya, wakaziacha nyumba zao tupu. Waliporudi mwaka 1610 walizikuta salama, kwa maana Membertou alizitunza muda wote huo. Ni nani kati yetu angeiacha nyumba yake miaka mitatu, akaikuta vile vile?

Tarehe 24 Juni 1610, sikukuu ya Mtakatifu Yoane Mbatizaji, Padri Jessé Fléché alimbatiza Membertou pamoja na watu wa jamaa yake, jumla watu 21. Mzee alipewa jina la Henri, jina la mfalme wa Ufaransa. Wala pale Port-Royal hawakujua bado kwamba mfalme huyo alikuwa amekwisha kuuawa mwezi wa Mei.

Sisi makatekista tukisoma habari hiyo, furaha yetu yachanganyika na wasiwasi. Padri Fléché hakujua lugha ya watu wale, naye alibatiza upesi upesi zaidi ya watu 100. Mwaka 1611 walipofika Wayezuiti wawili, Pierre Biard na Enemond Massé, waliona kwamba wengi wa waliobatizwa hawajui maana ya jambo walilolipokea. Basi wao wakaanza kwa kujifunza lugha. Membertou alifariki tarehe 18 Septemba 1611. Katika ugonjwa wake aliomba azikwe pamoja na wazee wake wa zamani. Padri Biard alikataa, kwa kuwa wazee wale hawakubatizwa. Mzee alishindana naye, na mwisho akakubali kuzikwa katika makaburi ya Wakristu. Nasi tuliowahi kukaa kando ya kitanda cha mzee anayekufa, twajua jinsi neno lile lilivyokuwa zito kwake.

SALA JUU YA GANDA LA MTI

Mwaka 1675 alifika Gaspé mtawa mmoja wa jamaa ya Mtakatifu Fransisko, Padri Chrétien Le Clercq. Siku moja alipokuwa akifundisha sala, aliwaona watoto wanachora alama kwa makaa juu ya ganda la mti, kila neno alama yake, wapate kulikumbuka. Hakuwakemea kwamba wanacheza. Aliipokea akili ile ya watoto, akazipanga alama, akatengeneza karatasi za sala. Hapo mwalimu alifundishwa na wanafunzi wake.

Padri huyo aliandika pia katika kitabu chake, kilichotoka mwaka 1691, jinsi mzee mmoja alivyowajibu Wafaransa waliotaka Wamikmaki wajenge nyumba kama za Ulaya. Kwa kifupi mzee aliwauliza hivi: kama nchi yao ni nzuri kuliko hii, mbona wanaiacha na kuvuka bahari kwa hatari, waje kutafuta samaki huku? Hatukusikia kwamba walipata jibu.

Baadaye Padri Pierre Maillard, aliyefika mwaka 1735, alizidisha alama zile, akaandika kwazo sala, nyimbo na mafundisho mengi. Yeye alisoma katika Seminari ya Roho Mtakatifu mjini Paris, ya Mapadri wale wale ambao mwaka 1868 walianza misioni ya Bagamoyo katika pwani ya Afrika ya Mashariki. Alikufa mjini Halifax mwaka 1762. Wakati huo Wafaransa walikuwa wameshindwa vitani na Waingereza, na mapadri wakawa haba sana.

Je, dini ilikufa? Haikufa. Wakuu na wazee waliziweka karatasi zile za alama, wakasalisha watu siku ya Dominika, wakawafundisha watoto, baba akimrithisha mwana. Kwa miaka mingi Eklezya kati ya Wamikmaki ilisimama juu ya mabega ya walei. Mwaka 1866 padri mwingine, Christian Kauder, alichapisha alama hizo katika kitabu mjini Vienna. Lakini zilikuwa zimekwisha kuokolewa na watu ambao majina yao hayakuandikwa popote. Sisi tunaosalisha katika vijiji ambavyo padri hufika mara chache kwa mwaka, twawatambua watu wale kama ndugu zetu wa kazi.

MWENYEJI AUGUA

Sasa tuseme habari za huzuni. Ugonjwa wa kwanza ulikuwa ugonjwa kweli. Meli zilileta maradhi ambayo miili ya Wamikmaki haikuyazoea. Padri Biard aliandika kwamba wenyeji wenyewe walishangaa kuona jinsi wanavyokufa wengi tangu Wafaransa walipoanza kuja. Wakati huo yeye aliwahesabu kuwa kama 3,000 au 3,500 tu.

Ugonjwa wa pili ulikuwa kunyang'anywa nchi. Mwaka 1749 Waingereza walijenga mji wa Halifax bila kuwauliza wenyeji. Wamikmaki walipopigana nao, gavana Edward Cornwallis alitangaza mwezi wa Oktoba mwaka ule kwamba mtu atakayemleta Mmikmaki, akiwa hai au amekufa, atapewa zawadi ya fedha. Lakini kati ya mwaka 1725 na 1779 ziliandikwa pia hati za amani na urafiki kati ya mfalme wa Uingereza na Wamikmaki. Katika hati hizo Wamikmaki hawakuuza nchi yao. Waliahidi amani, nao waliahidiwa kwamba hawatasumbuliwa katika uwindaji na uvuvi wao. Miaka ikapita, Wazungu wakaongezeka, na hati zikasahauliwa na upande mmoja. Wamikmaki walisukumwa katika vipande vidogo vya ardhi. Hata humo hawakuachwa: karibu na mji wa Sydney mahakama iliamuru mwaka 1916 kwamba waondolewe katika mahali pao kando ya maji, kwa sababu majirani hawakupenda kuwa nao karibu. Mwaka 1926 walihamishwa, wakapelekwa mlimani.

Ugonjwa wa tatu ndio unaotuuma zaidi, kwa maana uliingia kwa mkono wa watu wa kanisa letu. Serikali ya Kanada ilitaka watoto wa wenyeji wakue kama Wazungu. Kwa hiyo zilijengwa shule za bweni, na nyingi zilikabidhiwa kwa makanisa. Kwa Wamikmaki shule hiyo ilikuwa Shubenacadie, katika Nova Scotia. Ilifunguliwa mwaka 1930, ikafungwa mwaka 1967, na waliofundisha humo walikuwa masista Wakatoliki. Watoto walitengwa na wazazi wao. Walioongea Kimikmaki walipigwa. Wengi walirudi nyumbani wasiweze kusema na bibi zao.

Mmoja wa watoto wale alikuwa Rita Joe, aliyezaliwa mwaka 1932. Baadaye akawa mshairi, akaandika juu ya usemi wake alionyang'anywa shuleni, na jina lake likajulikana katika Kanada yote mpaka kufa kwake mwaka 2007. Mwenzake, Isabelle Knockwood, alikusanya ushuhuda wa waliosoma pale, akautoa kitabuni mwaka 1992.

Fikirini jambo hilo, wasomaji wapenzi. Katika karne ya 17 padri aliokota alama za watoto kama mtu aokotaye dhahabu. Katika mwaka 1930 watu wa Eklezya ile ile walipiga watoto kwa maneno ya lugha ile ile. Hatuwezi kuyasifu ya kwanza na kuyaficha ya pili. Tarehe 25 Julai 2022 Baba Mtakatifu Papa Fransisko alikwenda Kanada, na mahali paitwapo Maskwacis, mbele ya wenyeji wa mataifa mbalimbali ya nchi ile, aliomba msamaha kwa mabaya waliyoyafanya Wakristu wengi katika shule hizo. Ikiwa Papa hakuona haya kusema, nasi tusione haya kuandika.

KUONYESHWA SI KUPOKEA WAGENI

Wamikmaki wana hadithi moja ya kale, ambayo mchungaji Mprotestanti Silas Rand aliiandika katika karne ya 19. Wasema kwamba muda mfupi baada ya Wafaransa kufika, Mmikmaki mmoja aitwaye Silmoodawa alipelekwa Ufaransa ili watu wamshangae. Aliwekwa katika uwanja uliozungushwa kamba, akapewa mnyama mmoja, akaambiwa aonyeshe jinsi watu wa kwao wanavyoua na kutayarisha nyama. Umati ukasimama pande zote. Yeye akampiga mnyama kwa mshale, akamchuna, akakata nyama, akaianika, akapika, akala. Kisha, mtusamehe kwa neno hili, akaenda pembeni ya uwanja akajisaidia haja mbele ya macho ya wote. Walitaka kuona kila kitu, basi akawaonyesha kila kitu.

Twaweza kucheka, na bila shaka Wamikmaki waliosimulia hadithi hiyo walicheka. Lakini ni kicheko chenye uchungu. Nasi wa Kongo twakifahamu. Mwaka 1897 mfalme Leopold II alipeleka watu 267 wa Kongo huko Ubelgiji. Waliwekwa katika vijiji vya kuigiza katika bustani ya Tervuren, na watu wakamiminika kuwatazama. Saba kati yao walikufa, na makaburi yao yako kando ya kanisa la Tervuren mpaka leo. Mwaka 1958, katika maonyesho makubwa ya Bruxelles, kijiji cha namna ile kiliwekwa tena.

Hapo ndipo penye kiini cha maneno yetu. Mtu anayetazamwa ndani ya kamba si mwenyeji, hata akitazamwa na watu elfu. Mwenyeji ni yule aliye na mlango: aweza kuufungua, na aweza kuufunga. Ukimwondolea mlango umemwondolea uwenyeji, na pasipo mwenyeji hapana mgeni, pana mtazamaji tu.

MLANGO WAFUNGULIWA KWA NDANI

Tangu zamani wako Wamikmaki waliopata riziki kwa wasafiri. Katika karne ya 19 wanawake waliuza visanduku vya ganda la mti vilivyopambwa kwa miiba ya nungu, pamoja na vikapu vya mbao nyembamba, na wanaume waliwaongoza Wazungu katika kuwinda na kuvua. Lakini habari za Wamikmaki zilisimuliwa na wengine, katika vitabu vya wengine na nyumba za makumbusho za wengine.

Siku hizi wameanza kusimulia wenyewe. Huko Eskasoni, kijiji kikubwa kuliko vyote vya Wamikmaki, wageni huongozwa na wenyeji katika njia ya kisiwa cha Goat, ndani ya maji ya Bras d'Or. Hapa mtu anawafundisha kusuka kikapu. Pale mwingine anaoka mkate wa kwao, luskinikn, juu ya moto, nao wanaula ungali wa moto. Mbele kidogo wanafundishwa mchezo wa waltes, unaochezwa kwa bakuli la mti na vipande sita vya mfupa. Mzee anasimulia, ngoma inapigwa, mgeni anauliza na kujibiwa. Katika kisiwa cha Lennox, upande wa Prince Edward, mkate na kombe huokwa ndani ya mchanga wa pwani uliopashwa moto. Na wale waliohamishwa karibu na Sydney sasa wanaitwa kwa jina la mzee Membertou. Wamejenga juu ya mlima wao nyumba ya wageni, jumba la mikutano, na makumbusho ambamo wanasimulia wenyewe jinsi walivyofukuzwa kando ya maji.

Lakini habari inayotupendeza kuliko zote ni ya mzee Joseph Michael Augustine wa Metepenagiag, katika New Brunswick. Mwaka 1972 alisoma katika gazeti habari za vilima vya makaburi ya kale huko Arizona, Marekani. Akakumbuka kilima ambacho baba yake alikuwa amemwonyesha zamani karibu na kijiji chao. Akakitafuta, akakiona, akawaita wataalamu. Walipochimba, walikuta makaburi ya miaka kama 2,500 iliyopita, yenye vyombo vya shaba, shanga na nguo zilizosukwa. Mwaka 1975 serikali ilikitangaza kilima hicho kuwa mahali pa historia ya taifa. Leo kuna bustani na jumba ambamo watu wa kijiji wanawaeleza wageni habari za wazee wao. Mzee Augustine hakuwa mtu wa shule kubwa. Alikuwa na kumbukumbu ya neno la baba yake, na bidii ya kusoma gazeti.

Na lugha? Mwaka 2022 Nova Scotia ilitunga sheria inayokiri kwamba Kimikmaki ndiyo lugha ya kwanza ya nchi ile, na kwamba yapasa ilindwe. Wako walioizungumza kwa siri katika vyumba vya Shubenacadie walioiona siku hiyo.

Tusiseme kwamba mambo yote yamepona. Mwaka 1993 Donald Marshall, Mmikmaki, alishtakiwa kwa sababu alivua mikunga na kuiuza bila kibali. Hakukubali. Kesi ilikwenda mpaka Mahakama Kuu ya Kanada, na tarehe 17 Septemba 1999 majaji waliamua kwamba hati za miaka 1760 na 1761 zingali na nguvu. Hata hivyo mwaka 2020, Wamikmaki walipotega kamba wakubwa wa baharini kwa haki hiyo, wavuvi wengine walikasirika, na ghala moja lililohifadhi kamba wao likachomwa moto. Mgeni aliyekula mkate wa luskinikn mchana hajui siku zote kwamba jioni mwenyeji wake ana kesi ya ziwa na bahari. Ndiyo sababu simulizi la mwenyeji lina faida kuliko mkate wake.

YASIYO YA KUONYESHWA

Tuseme pia jambo ambalo mtalii huenda asilipende. Mwenyeji mwenye mlango hafungui vyumba vyote. Katika bustani ya taifa ya Kejimkujik mna picha zaidi ya 500 zilizochorwa juu ya mawe na wazee wa zamani: mashua zenye matanga, wanawake wenye kofia ndefu, hata alama za sala. Mgeni hawezi kwenda kuzikanyaga apendavyo. Lazima aongozwe.

Na kila mwaka mwishoni mwa Julai, karibu na sikukuu ya Mtakatifu Anna, Wamikmaki wa pande zote hukusanyika katika kisiwa cha Potlotek, ndani ya maji ya Bras d'Or. Huvuka kwa mashua, hukaa katika vibanda vya jamaa zao, huenda katika maandamano nyuma ya sanamu ya Mtakatifu Anna, na Baraza Kuu hufanya mkutano wake. Wanamheshimu mtakatifu huyo kama bibi wa nyumba, kwa kuwa ni bibi yake Yezu, na kwao bibi ana cheo kikubwa. Hapo ndipo Padri Maillard aliposalisha katika karne ya 18. Sherehe hii haikutengenezwa kwa ajili ya watalii. Ingefanyika hata kama asingekuja mgeni hata mmoja. Nasi twaona kwamba hiyo ndiyo alama ya kitu cha kweli: hakingoji watazamaji.

TUJIFUNZE NINI?

Wasomaji wapenzi, tumewaleta mbali, tuwarudishe nyumbani. Kwetu pia hupita wageni. Huja kutazama kanisa la zamani la misioni, ngoma, ziwa, makaburi ya wamisionari wa kwanza. Huuliza maswali, na mara nyingi sisi wenyewe hatuna jibu. Nani alijenga kanisa letu, na matofali yalibebwa na akina nani? Katekista wa kwanza wa kijiji aliitwa nani? Kilima kile kina jina gani, na kwa nini? Tusipojua, mgeni ataandika analolidhani, na watoto wetu watakuja kulisoma katika kitabu chake.

Kwa hiyo twawaomba mambo matatu. La kwanza, Dominika hii baada ya Misa, mwendee mzee mmoja, mwulize jambo moja la zamani, uliandike katika daftari pamoja na tarehe. La pili, usimcheke mtoto anayesema lugha ya bibi yake. Padri Le Clercq hakuwacheka watoto wa Gaspé, na kazi yao ilidumu miaka mia kadhaa. La tatu, mgeni akifika, mkaribishe kwa moyo, mpe kiti, mweleze yaliyo mazuri pamoja na yaliyo machungu, na yale yasiyo ya kuonyeshwa umwambie kwa upole kwamba hayaonyeshwi.

Mzee Membertou alitunza nyumba za wageni miaka mitatu. Watoto wa watoto wake walingoja zaidi ya miaka 400 kabla ya kusimulia habari zao katika nyumba yao wenyewe. Sasa wanasimulia, na mgeni amekaa kimya anasikiliza. Wazee wetu hawakukosea basi: mgeni njoo, mwenyeji apone. Ila kwanza mwenyeji awe na mlango wake.